Mwenyewe wa Nyumba Namba Tisa

Faili lilifika mezani Jumanne asubuhi, nene kama tofali, limefungwa kwa utepe wa bluu. Ofisi ya uraia haikuwa na utepe. Ilikuwa na kamba za katani, tena zile zilizokwisha kufunga mafaili ya watu wengine. Mpelelezi wa makazi akaukata utepe kwa mkasi, akautupia kwenye droo, akaanza kusoma.

Wenzake walimwita Rula. Jina hilo lilimganda mwaka wake wa kwanza kazini, alipopima kwa rula unene wa vumbi juu ya kabati la mwombaji mmoja, akauandika kwenye ripoti kwa milimita. Kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo moja. Mtu akiomba uraia, Rula ndiye aliyetumwa kutazama kama kweli ameishi nchini. Sheria ilitaka miaka mitano mfululizo katika makazi yaliyothibitishwa. Waliopita kwake walikuwa wengi mno, na sura zao alishaacha kuzikumbuka. Alikumbuka masufuria yao, mito yao na mahali walipotundika taulo.

Mwombaji wa safari hii alikuwa tajiri wa saruji. Alikuja kutoka ng'ambo, akafungua kiwanda, akanunua nyumba namba tisa katika mtaa wenye ukuta mrefu kila upande. Ijumaa saa nne alitakiwa aape. Mkuu wa ofisi alipita mlangoni akiwa na kikombe mkononi, akasema bila kuingia kwamba saini itoke Alhamisi kabla ya saa sita.

"Nikikuta anaishi, nitasaini," Rula akasema.

"Utakuta," mkuu akajibu, akaenda zake.

Ndani ya faili kila kitu kilikuwepo. Maji ya miezi sitini, umeme wa miezi sitini, kadi ya maktaba, kitambulisho cha mlipakodi. Mwisho kabisa palikuwa na barua ya katibu wa mtaa, imechapwa kwa mashine kuukuu, ikiishukuru nyumba namba tisa kwa kutokosa hata siku moja usafi wa mtaro, miaka mitano mizima. Wakili wa tajiri aliipigia mstari mwekundu. Ni wazi aliipenda.

Rula akaisoma mara mbili. Akaiweka kando, peke yake.

*

Dereva wa ofisi alikuwa mtu mzima mwenye mzaha usiokwisha, na Rula alimzoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Njiani alimuuliza kama matajiri nao hukaguliwa mito. Rula akasema hukaguliwa.

Wakili aliwapokea getini kwa suti ya kijivu. Akawatembeza kama mtu anayeuza nyumba, na kumbe ndivyo ilivyokuwa, maana karakana ilipofunguliwa Rula aliona bango limelazwa kifudifudi nyuma ya gari. Aliliinua ubavu kidogo kwa kidole cha mguu, akasoma neno moja, akaliacha lianguke.

Chumbani palikuwa na viatu jozi kumi na mbili. Rula aligeuza kimoja kimoja. Soli zilikuwa safi kama za dukani, lakini ndani, kwenye vidole, palikuwa na vumbi. Suti zilikuwa na vumbi mabegani. Kiti cha ofisini kilikuwa bado na nailoni chini ya mto. Kitanda kilikuwa kipana kama uwanja, na godoro halikubonyea upande wowote.

"Mteja wangu ni mtu nadhifu," wakili akasema.

Rula akaandika.

Jikoni mambo yalikuwa mengine. Ubao wa kukatia ulikuwa na bonde katikati. Mwiko wa mti ulikuwa umelika ncha kwa miaka ya kukwangua, umelika upande mmoja tu, na upande wenyewe ulikuwa wa kulia. Rula akaushika kwa mkono wake wa kulia, akajaribu kukoroga hewa. Haukumkaa. Akauhamishia kushoto. Ukakaa.

Dirishani palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa mwanamke mzee akichambua mboga za majani. Wakili akasema huyo ni mama wa mwombaji, amekuja juzi tu kumsalimia mwanawe, na Jumamosi wataondoka pamoja baada ya kiapo kwenda kupumzika kwenye nyumba nyingine ng'ambo.

"Shikamoo, mama," Rula akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mnaondoka Jumamosi?"

Mama akatazama mboga zake. "Ndivyo walivyosema."

Rula akauliza nani hupika. Wakili akawahi kujibu kwamba yupo mpishi, akataja na hoteli anakofanya kazi siku nyingine. Mama akainuka kutafuta kisu. Droo ya tatu ilikuwa imekaza. Hakuivuta. Aliipiga kwa nyonga mara moja, chini kidogo ya kitasa, ikafunguka yenyewe, naye akatoa kisu bila kutazama.

Garini dereva aliuliza ripoti ya mito. Rula akamwambia habari ya viatu.

"Jozi kumi na mbili na hakuna hata kimoja kilichokanyaga nchi," dereva akasema. "Huyo si mtu, bosi. Huyo ni duka."

"Lakini maji yametumika. Ndoo nne, tano kwa siku, kila siku. Kuna mtu anaishi mle."

"Basi mpishi."

"Tutamuuliza."

*

Mpishi walimkuta Jumatano asubuhi nyuma ya hoteli, anakata vitunguu kwa kasi ya cherehani. Alikata kwa mkono wa kulia. Rula alijua hapo hapo kwamba amepoteza asubuhi, lakini aliuliza maswali yote kama fomu ilivyotaka. Mpishi akasema nyumba namba tisa alifanya kazi miezi minne tu, mwaka ule wa kwanza. Aliondoka mwenyewe, bila ugomvi. Hapakuwa na kazi ya kufanya, akifika anakuta chakula kimekwisha kuiva.

"Kimepikwa na nani?"

Mpishi akafuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko. "Pale palikuwa na mwiko ambao sikuruhusiwa kuugusa, dada. Muulize mwenye mwiko." Baada ya hapo akawa kiziwi. Mlinzi wa geti naye walipompitia alisema yeye huandika magari tu, watu wa miguu hawamhusu.

Ikabaki barua iliyopigiwa mstari mwekundu.

Katibu wa mtaa alikuwa karani mstaafu aliyeishi kwenye nyumba ndogo kuliko zote, mwisho wa mtaa, pale mtaro mkubwa unapoingia kwenye bomba. Alimkaribisha Rula barazani, akaleta daftari la usafi amelikumbatia kama mtoto mchanga. Akaeleza kwa kirefu, na kwa majivuno yasiyojificha, kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kila nyumba hutoa mtu mmoja na koleo moja, kwa sababu mvua ya mwaka ule ilipoingia vyumbani haikuuliza nani ana geti la umeme. Kila anayefika hujiandikisha. Kuna safu ya namba ya nyumba, safu ya sahihi, na safu ya tatu yenye maneno mawili: mwenyewe, au ametumwa.

Rula akafungua. Namba moja, ametumwa. Namba tatu, ametumwa. Namba saba, ametumwa. Ukurasa baada ya ukurasa, watu wa kuta ndefu walituma walinzi na watunza bustani. Hilo halikumshangaza. Nyumba za aina hiyo hazishiki koleo.

Namba tisa, mwenyewe.

Akageuza. Mwenyewe. Akahesabu kwa ncha ya rula, akipiga nukta kwenye karatasi yake, mpaka nukta zikafika sitini. Mara sitini mwenyewe, na mara sitini sahihi ilikuwa imechafuka kwa namna ile ile, wino umevutwa kwenda kulia kama mkono ulikuwa unalifuata neno na kulikanyaga. Ndivyo mashoto wanavyochafua karatasi.

Sasa alijua kosa la wakili lilikuwa wapi. Wakili alitafuta karatasi inayosema nyumba imeshiriki, akaipata, akafurahi. Hakuna aliyemwambia, wala asingejua kuuliza, kwamba tajiri wa kweli pale asingeshukuriwa. Angetuma mtu, na barua ya shukrani haiandikwi kwa waliotumwa.

"Tajiri wa saruji unamfahamu kwa sura?" akamuuliza katibu.

"Gari lake nalifahamu. Nimeliona mara tatu, nne."

"Na huyu mwenyewe?"

Katibu akacheka, akasema huyo ni Bibi Koleo, nani asiyemjua. Akasimulia jinsi alivyotokea mwezi wa kwanza na kandambili za kuogea, hakuna aliyemtuma wala kumwita, akasimama ukingoni akitazama wanaume wanavyochimba, kisha akawaambia wanachimba kwa kwenda juu, maji hayapandi ngazi. Wakamnunia. Mvua iliponyesha ikamtetea. Tangu siku hiyo hachimbi mtu kabla yeye hajaonyesha mwelekeo. Mtu wa namba saba alimtukana safari moja kwa ajili ya taka, akamwambia mgeni asiwafundishe. Bibi akazichota taka zile kwa koleo, akazirudisha getini kwake, akamwambia mwenyeji achukue vyake.

"Mke wangu alipolazwa, ni yeye aliyekaa naye mchana wiki tatu," katibu akamalizia. Kisha akalitazama daftari mikononi mwa Rula, na kicheko kikamtoka usoni. "Binti yangu, kuna ubaya nimesema?"

Rula akaomba kulichukua daftari mpaka kesho. Akaandika stakabadhi.

*

Alhamisi saa nne alirudi peke yake. Wakili alikuwa kiwandani, akisubiri ndege ya tajiri itue. Mama alifungua mwenyewe, akamkaribisha jikoni, akamwekea chai kabla hajaulizwa. Rula alifungua mkoba, akapanga mezani daftari, fomu ya maelezo ya shahidi na kalamu. Saa yake aliivua akaiweka pembeni. Ilimsaidia kuhesabu.

"Mama, umefika lini hapa?"

"Juzi."

"Droo ile ya tatu ni mbovu tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka wa..."

Rula akasubiri. Hakumsaidia wala hakumbana. Kisha akamwonyesha ukurasa wa kwanza wa daftari, na wa mwisho, akamweleza kwa sauti ile ile ya kusomea fomu alichokiona: viatu, mwiko, ndoo nne za maji, wino uliovutwa. Akasema ana hakika kwamba kwa miaka mitano katika nyumba hii ameishi mtu mmoja tu, naye si mwombaji. Akasema pia kwamba kosa hilo si la mama.

Mama alizungusha kikombe kwa mkono wa kushoto.

Alichosema baadaye alikisema polepole, kama anasimulia ya mtu mwingine. Alikuja kwa karatasi ya mgeni ya miezi mitatu. Mwanawe akamwambia akae tu, apumzike, awashe taa kila jioni na afungue maji. Karatasi itashughulikiwa. Yeye akakaa. Mwanawe alipiga simu kila Jumapili akiuliza kama taa zinawaka. Alidhani ni huruma ya mtoto kwa mama yake, anaogopa asikae gizani. Mwaka huu wakili alipokuja kukusanya karatasi za maji ndipo alipofahamu.

"Nilidhani kanipa nyumba," akasema. "Kumbe kanipa lindo."

"Na Jumamosi?"

"Akishaapa wanaiuza. Yeye ana pasi tatu za kusafiria tayari, hii ya nne. Nitapelekwa kwenye nyumba nyingine." Akafikiri. "Huko nako sijui taa ziko wapi."

Rula akatazama saa. Saa tano kasoro robo. Akavuta pumzi, akafanya kitu ambacho fomu haikumtaka afanye lakini pia haikumkataza. Akamsomea kifungu cha kumi na nne. Mtu aliyevuka miaka sitini, hata kama karatasi yake ya mgeni imeisha, akithibitisha kwamba ameishi mahali pamoja miaka mitano bila kosa, anaweza kuomba uraia kwa jina lake. Wakati ombi linasubiri jibu, hatolewi nchini. Jibu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana.

"Uthibitisho nitautoa wapi?"

"Huu hapa. Maji, umeme, daftari. Lakini siku hazihesabiwi kwa watu wawili, mama. Ukisema ni zake, ni zake, anaapa kesho. Ukisema ni zako, ombi lake linaanguka leo."

"Nisiposema kitu?"

"Nitaandika kwamba yeye hakuishi hapa. Kwamba kuna mgeni ambaye karatasi yake imeisha. Wengine watakuja kukuchukua."

Mama hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza bei.

Simu yake ikaita. Alitazama jina, akaiweka mezani, akabonyeza ili sauti isikike kwa wote wawili. Mwanawe alikuwa ametua. Alimsalimu mamaye, akauliza yuko na nani, na alipoambiwa, hakupandisha sauti.

"Afisa, naomba unielewe," akasema. "Nilipozaliwa hatukuwa na hata karatasi moja. Tulifukuzwa mara mbili, mama akinibeba mgongoni. Niliapa sitakosa tena mahali pa kuingia. Nchi yenu nimeiletea kiwanda, watu mia mbili wanakula hapo. Wangapi waliozaliwa hapa wamefanya hivyo? Lazima nilale hapo ndiyo niwe wa hapo?"

"Kwa ombi hili, ndiyo," Rula akasema.

"Na mama ameleta nini?"

Haikuwa dharau. Aliuliza kama mfanyabiashara anavyouliza uzito wa mzigo. Rula akaona hilo si swali lake kulijibu, akamtazama mama.

"Ulipokuwa mgongoni," mama akasema kwenye simu, "tulipofukuzwa mara ya pili, unakumbuka jirani hata mmoja aliyetoka kutuuliza tunakwenda wapi?"

"Sikumbuki. Nilikuwa mdogo."

"Hakutoka mtu. Kwa sababu mwaka mzima nilijifungia ndani, naogopa. Hapa nikaenda kwenye mtaro."

Upande wa pili ikasikika milango ya gari, kisha sauti ya mtu akimuuliza mizigo iwekwe wapi.

"Mama, usiseme kitu mpaka wakili afike. Dakika ishirini tu."

"Umekula?"

"Mama."

"Kula kwanza," akasema, akakata.

Akanyoosha mkono, Rula akamsogezea fomu. Mama hakuharakisha. Alitaka kusomewa kila mstari, na Rula akasoma. Jina kamili. Mama akalitaja jina ambalo faili nene halikuwa nalo popote. Uhusiano na mwombaji: mama mzazi. Mahali anapoishi. Akataja mtaa, namba tisa, na namba ya mita ya maji kwa kichwa, tarakimu nane, Rula akalinganisha na karatasi ya kwanza kwenye faili. Zilikuwa sawa.

"Atanikasirikia mwaka," mama akasema. "Labda miwili. Ana pasi tatu, hatalala nje."

Rula hakuandika hilo. Halikuwa na mstari.

Nje breki zikalia. Wakili alikuwa amewahi, dakika kumi na mbili badala ya ishirini, wakamsikia akimhimiza mlinzi afungue. Rula akageuza ukurasa. Chini, juu ya mahali pa sahihi, palikuwa na visanduku viwili vidogo ambavyo watu wengi huvisahau: maelezo haya yametolewa na mwenyewe, au na aliyetumwa.

Mama akavisogelea kwa macho. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, akatia sahihi. Mkono ukapita juu ya jina na kulivuta kidogo kwenda kulia.

Hatua za wakili zilikuwa sebuleni. Rula akachukua rula, akaiweka juu ya karatasi ili isigeuzwe na upepo wa mlango, akapiga muhuri, akaandika saa. Saa tano na dakika ishirini na tisa.

"Keshokutwa ni Jumamosi ya kwanza," mama akasema. "Sheria inaniruhusu kutoka nje ya geti?"

"Inaruhusu," Rula akasema, akaivaa saa yake.